Je, Askofu Oresme Alinyamazishwa kwa Kusema Dunia Inazunguka?

*Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Fizikia sekondari, na Jumapili ni katekista parokiani kwetu. Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha grafu ya kasi na muda. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akasimama, akasema ameona video inayoeleza kuwa grafu hiyo ilibuniwa na askofu wa Ufaransa aitwaye Nicole Oresme. Kwamba askofu huyo aligundua Dunia inazunguka miaka 200 kabla ya Copernicus. Na kwamba Kanisa lilimtisha mpaka akayakana maneno yake. Mwenzake akadakia: Nicole si jina la kike? Darasa zima likaanza kubishana. Niliwaambia nitawajibu nikishauliza. Ukweli ni upi? Na niwaambie nini bila kuwadanganya, na bila kuwafanya wengine waione imani yao kuwa adui wa masomo?*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Ulifanya vema kuomba muda, maana yale aliyoyasema kijana wako yamechanganywa kweli na uongo kama mchele na chuya. Naona linalokukera zaidi ni lile la vitisho, kwa sababu linakugusa pande zote mbili, darasani na parokiani. Nitalifikia. Niruhusu nianze na jina, kwani hilo halina mlolongo.

Nicole, katika Kifaransa cha zama zile, lilikuwa jina la kiume, namna mojawapo ya kumwita mtu Nicolas. Kwa Kilatini aliandikwa Nicolaus. Alizaliwa Normandy, upande wa Caen, yapata mwaka 1320. Mwaka 1348 jina lake linaonekana kwenye orodha ya wanafunzi wa teolojia wa Chuo cha Navarre jijini Paris, chuo kilichoanzishwa kwa mali ya malkia ili kusomesha vijana ambao kwao hapakuwa na uwezo. Mwaka huo ndio tauni kubwa ilipoingia Paris. Yeye alisalimika, na kufikia 1356 alikuwa mkuu wa chuo hicho hicho. Mwaka 1364 akawa dekano, yaani mkuu wa mapadri, wa kanisa kuu la Rouen, na mwaka 1377 askofu wa Lisieux. Wanafunzi wako Wakatoliki watalitambua jina la mji huo: ndiko alikoishi Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, miaka 500 baadaye. Oresme alifia huko tarehe 11 Julai 1382, akiwa bado askofu.

Sasa Dunia. Kiswahili chetu hapa kinaweza kututega. Tukisema "Dunia inazunguka" tunaweza kumaanisha inajizungusha yenyewe kama pia wanayochezea watoto, na hiyo ndiyo inayoleta usiku na mchana. Au inalizunguka jua, na hiyo ndiyo inayoleta mwaka. Oresme alijadili lile la kwanza tu. Kwake Dunia ilibaki katikati ya ulimwengu, na jua liliendelea kuwa na njia yake angani. Copernicus ndiye aliyeiondoa Dunia katikati, katika kitabu chake cha mwaka 1543. Na kitabu cha Oresme ni cha mwaka 1377, kwa hiyo kati yao kuna miaka 166. Ukiwaeleza wanafunzi tofauti hiyo tu, nusu ya ubishi itakwisha.

Kitabu chenyewe ni tafsiri. Mfalme Charles wa Tano wa Ufaransa alitaka vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, viwe katika lugha ambayo watu wa baraza lake wanaisoma, akamwagiza Oresme avitoe katika Kilatini na kuviweka katika Kifaransa, na kuongeza maelezo yake. Alianza na vile vya maadili na siasa, akamalizia na kile kinachohusu mbingu. Kifaransa cha wakati huo kilikuwa hakijazoea kubeba elimu ya namna hiyo, kwa hiyo ilimbidi aunde maneno mapya njiani. Sisi tuliowahi kutafuta neno la Kiswahili la istilahi ya fizikia usiku wa manane tunaijua kazi hiyo.

Aristotle alisema Dunia imetulia na mbingu zote zinaizunguka kila siku. Oresme, akilifikia hilo, alisimamisha tafsiri akauliza: tunajuaje? Na jibu lake ndilo ningependa ulifundishe kwa utulivu, kwa sababu ni fizikia safi. Anasema: chukua merikebu mbili baharini, moja imetulia na nyingine inakwenda, bahari shwari. Mtu aliye ndani ya moja, ikiwa haoni kitu kingine ila ile merikebu ya pili, hawezi kujua ipi inayokwenda. Jicho linaona tu kwamba nafasi kati yake na kile kitu inabadilika. Halioni nani anayeibadilisha. Basi nasi, tunapoona jua linachomoza na nyota zinapita, tungeona hayo hayo kama mbingu ingetulia na Dunia ikageuka. Na mtu ambaye angekuwa mbinguni akitutazama angeapa kwamba sisi ndio tunaogeuka.

Watu walikuwa na hoja ya mshale, hoja ya tangu kale: rusha mshale juu wima; kama Dunia inageuka kuelekea mashariki, mshale ungeangukia mbali upande wa magharibi, kwa kuwa Dunia imekwisha sogea chini yake. Mbona unaanguka pale pale? Oresme anarudi merikebuni. Mtu aliyesimama kwenye merikebu inayokwenda kasi, akishusha mkono wake sambamba na mlingoti, ataona mkono umeshuka wima tu. Kumbe mkono ule umekwenda chini na mbele kwa wakati mmoja, kwa sababu tayari ulikuwa unashiriki mwendo wa chombo. Mshale nao hivyo hivyo: kabla haujatoka kwenye upinde ulikuwa tayari unakwenda mashariki pamoja na mpiga upinde, pamoja na hewa, pamoja na kila kitu. Mfanyishe mwanafunzi jaribio hili: atembee darasani kwa mwendo ule ule, huku akirusha chaki juu na kuidaka. Chaki itarudi mkononi. Wale walio kwenye madawati wataona imechora upinde hewani, na yeye ataona imepanda na kushuka wima. Usiwaambie kitu kwanza. Waache wabishane nani ameona sawa.

Akaja kwenye Biblia, na hapa katekista ndani yako atege sikio. Yoshua aliliamuru jua lisimame, basi si ndiyo kusema jua ndilo linalokwenda? Oresme anajibu kwamba Maandiko husema kwa namna ya watu wanavyozungumza, kama yanavyosema mahali pengine kwamba Mungu alighadhibika au alijuta, na hakuna anayeyachukua maneno hayo kama yalivyo. Hayo ameyaandika padri, dekano wa kanisa kuu, katika kitabu cha mfalme. Kisha akaongeza kwamba ni jambo jepesi zaidi kugeuza kitu kidogo kama Dunia kuliko kuzungusha mbingu yote kwa kasi isiyofikirika kila siku, na kwamba Mungu hafanyi kazi ya bure.

Baada ya hayo yote anafunga hoja hivi: watu wote wanashikilia, nami naona hivyo, kwamba mbingu ndizo zinazokwenda na Dunia haiendi. Anataja zaburi isemayo Mungu ameuthibitisha ulimwengu hata usitikisike. Papo hapo anasema kwamba hoja za upande wa pili zinaweza kumfanya mtu aamini Dunia ndiyo inayogeuka, kwa kuwa kinyume chake hakijadhihirika, na kwamba yeye ameyasema hayo kama zoezi la akili.

Hapo ndipo watengeneza video wanapoingiza vitisho. Mwalimu, tazama mambo yaliyotokea. Hakuna shauri lililofunguliwa dhidi yake, wala kitabu hakikukatazwa. Mwisho wa kitabu hicho hicho Oresme ameandika kwamba amekimaliza kwa amri ya Mfalme Charles, ambaye, wakati kazi inaendelea, alimfanya askofu wa Lisieux. Mtu aliyetishwa hapewi jimbo akiwa katikati ya kosa lake. Kilichowachanganya watu, nadhani, ni kesi ya mwaka 1633 ya Galileo, mwanasayansi wa Italia ambaye Kanisa lilimlazimisha akane kwamba Dunia inakwenda. Hiyo kweli ilitokea na ni ya kuhuzunisha. Wanaichukua hadithi ile na kumvika mtu mwingine aliyeishi karibu miaka 250 kabla, katika mji mwingine na mazingira mengine.

Unaweza kuulizwa: haiwezekani alikuwa anajificha, ile zaburi ikiwa ngao? Ni swali halali, na wapo wasomi waliolifikiria. Nikiangalia kazi zake nyingine, mimi siamini. Katika Paris ya wakati wake kujadili yasiyoaminika ilikuwa sehemu ya masomo. Mwaka 1277 askofu wa Paris alikuwa amepiga marufuku kauli 219, na baadhi yake zilikuwa zile zinazodai kwamba Mungu hawezi kufanya hili au lile kwa kuwa Aristotle amesema haliwezekani. Marufuku ile ilileta maumivu yake, lakini pia iliwazoesha wasomi kuuliza: je, ingekuwaje kama Aristotle amekosea? Oresme alikulia katika desturi hiyo. Na kusema kweli, ushahidi hakuwa nao. Merikebu yake inaonyesha kwamba macho hayawezi kuamua. Haionyeshi kwamba Dunia inageuka. Kuonyesha hilo mbele ya macho ya watu kulingoja mpaka 1851, mwanafizikia Mfaransa Foucault alipotundika pendulamu ndefu ndani ya jengo la Panthéon jijini Paris, watu wakaona mstari wa mwendo wake unageuka polepole kadiri saa zinavyopita. Panthéon iko kwenye kilima kile kile kilipokuwa Chuo cha Navarre. Huwa napenda kukumbuka jambo hilo.

Kwa hiyo kumwita mwoga ni kumwonea. Alifika pale hoja zake zilipomfikisha, akasimama hapo, na kwa lile ambalo hoja haikuamua akafuata alichokiamini yeye na watu wake wote. Kwa kujua tulichonacho leo, alichagua upande usio sahihi. Semeni hivyo darasani bila kumsitiri.

Sasa grafu, ambayo kijana wako amekaribia kabisa kuwa sahihi. Miaka ya 1350, Oresme aliandika kitabu kwa Kilatini kuhusu namna ya kuchora vitu vinavyopungua na kuongezeka. Wazo ni hili: chora mstari mlalo, huo uwe muda. Juu ya kila nukta ya mstari simamisha kijiti, urefu wa kijiti ukiwa ndiyo kasi ya wakati huo. Kasi isiyobadilika itakupa vijiti vyenye urefu sawa, na ukiviunganisha vichwa umepata mstatili. Kasi inayoanza sifuri na kuongezeka kwa kiwango kile kile itakupa pembetatu. Sasa kata ile pembetatu katikati ya urefu wake wa kusimama kwa mstari mlalo: kile kipembe cha juu, ukikigeuza, kinajaza pengo la upande wa pili na unabaki na mstatili wenye nusu ya kimo. Eneo halijabadilika. Basi daladala linalotoka kituoni na kufikia mita 10 kwa sekunde katika sekunde 10, mchapuko ukiwa sawa muda wote, limekwenda sawa na lile lililopita kwa mita 5 kwa sekunde tangu mwanzo: mita 50. Kanuni yenyewe ilikuwa imekwisha kutamkwa na wasomi wa Oxford, Heytesbury akiwemo, mwaka 1335. Oresme ndiye aliyeipa mchoro huu, ambao mtoto anaweza kuuthibitisha kwa mkasi na karatasi. Galileo alipochapisha kitabu chake cha mwendo mwaka 1638 na kueleza vitu vinavyoanguka, alitumia pembetatu ya namna hiyo hiyo.

Tofauti na grafu zetu ipo, na ni kubwa. Oresme hakupima kitu. Hakuwa na jedwali la namba za kuweka kwenye mihimili miwili, na vijiti vyake vilisimama juu ya mambo ambayo sisi hatuyaweki kwenye fizikia: joto kwenye fimbo iliyotiwa moto upande mmoja, lakini pia weupe, utamu wa sauti, hata maumivu, kwani aliona kwamba maumivu makali ya muda mfupi na maumivu madogo ya muda mrefu yana maumbo tofauti. Ukisema "alibuni grafu" utakuwa umemvika nguo za Descartes, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Ukisema "alikuwa mmoja wa wa kwanza kuchora mabadiliko kama umbo, na akaitumia picha hiyo kuthibitisha kanuni ya mwendo", hutakosea.

Kama una mwenzako wa Hisabati, mpelekee hili. Jumlisha 1/2, 1/3, 1/4, 1/5 na kuendelea bila mwisho. Je, jumla itakoma mahali? Oresme alionyesha haikomi. 1/3 na 1/4 kwa pamoja ni zaidi ya nusu. Kuanzia 1/5 hadi 1/8, tena ni zaidi ya nusu. Kuanzia 1/9 hadi 1/16, tena. Unaokota nusu nyingine na nyingine milele. Mpaka leo ndivyo tunavyolithibitisha.

Kuna pande mbili za kazi yake ambazo video hizi hazizitaji, nami naziona ndizo zinazomwonyesha mtu mwenyewe. Ya kwanza ni unajimu. Mfalme Charles aliwapenda mno watabiri wa nyota, na Oresme, aliyekuwa anakula mkate wa mfalme huyo, aliandika kitabu cha Kifaransa kuwaonya watawala dhidi yao. Tena aliwapiga kwa hisabati. Wakimbiaji wawili wanazunguka uwanja, mmoja kwa dakika 2 na mwingine kwa dakika 3. Kila dakika ya 6 watakutana mahali walipoanzia. Lakini ikiwa uwiano wa muda wao ni kama ule wa ubavu wa mraba na mshazari wake, ambao hauandikiki kwa namba kamili mbili, basi hawatakutana tena pale walipoanzia pamoja, hata wakikimbia milele. Oresme alisema kuna kila sababu ya kudhani mizunguko ya mbinguni iko hivyo. Ikiwa nyota hazirudi kamwe kwenye mpangilio ule ule hasa, mtabiri anajifunza wapi kwamba mpangilio huu huleta vita na ule huleta njaa?

Ya pili ni fedha. Wafalme wa kabla ya Charles, vita na Uingereza vilipowabana, walizoea kuyeyusha sarafu za fedha, kuzichanganya na shaba na kuzirudisha sokoni kwa jina lile lile na thamani ile ile ya kutamkwa. Mshahara wa mtu ukawa unayeyuka mfukoni mwake. Oresme akaandika kwamba sura ya mfalme kuwa juu ya sarafu haimfanyi mfalme kuwa mwenye sarafu. Mwenyewe ni yule aliyeitolea jasho au mkate wake, na kwa ujumla fedha ni mali ya jamii. Akasema jambo ambalo kwa padri wa karne ya 14 lilikuwa zito kweli: kuchakachua sarafu ni dhambi mbaya kuliko riba. Mla riba, alisema, anamkopesha mtu aliyekuja kwa hiari yake na kupata fedha iliyomsaidia. Mfalme anayechakachua anawachukulia watu mali yao bila ridhaa, na wengi hawajui hata wameibiwa lini.

Unauliza uwaambie nini. Ningekushauri utenge kipindi kizima, usimjibu kijana kwa dakika mbili. Anza na chaki ya kurusha, halafu merikebu, halafu wape nafasi wajaribu wao kuthibitisha kwamba Dunia inageuka bila kutumia picha za angani. Watashangaa ilivyo vigumu. Hapo ndipo uwaambie Oresme alihitimisha nini. Unaweza kuchagua njia fupi ya kusema "video inadanganya" na kuendelea na silabasi, na najua muda ni mchache, lakini kijana yule ametoa swali zuri kuliko mengi yaliyo kwenye mitihani, na akizimwa leo hatauliza tena.

Kwa upande wa imani, usimfiche Galileo. Watakutana naye tu, na wakigundua ulimruka hawatakuamini hata kuhusu Oresme. Ukiona mwanafunzi ambaye jambo hili limemsumbua kwa kina, asiyetaka tu kushinda ubishi, hilo halimalizwi darasani wala kwa maandishi yangu. Kaa naye faragha, au muombe paroko akae naye, hasa paroko anayeweza kumsikiliza bila kumkemea. Na wewe mwenyewe, ukiamua kulifanya hili liwe somo la tasnifu, usitegemee mtandao wala mimi. Kitabu cha mbingu na kile cha michoro vyote vilichapishwa mwaka 1968 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ulizia maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu, au waombe wakuagizie. Na mtafute padri mzee wa seminari anayesoma Kilatini, kaa naye mezani na ukurasa mmoja tu wa ile pembetatu, mwombe akutafsirie neno kwa neno huku wewe ukichora.